Kukarabati mtambo wa gobori la fataki: mwongozo kamili kwa mwenye Enfield ya zamani

Mtambo wa gobori, yaani zile chuma zinazoishika nyundo na kuiachia ipige, ukigoma, mkono wa mtu hukimbilia tupa. Naomba uiache kabatini kwanza. Mitambo mingi niliyoifungua haikuwa imevunjika. Ilikuwa imeganda kwa mafuta ya zamani, au imebanwa na mti wa bunduki (mbao inayoubeba mtambo) uliovimba, au skrubu zilikazwa kupita kiasi. Mitambo iliyokufa kabisa karibu yote iliuawa na fundi aliyeikata kabla ya kuielewa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutazama na kusafisha. Kukata chuma kunakuja mwishoni, na kwa kiasi kidogo sana.

Nimechagua bunduki moja ili tusizungumze hewani: Enfield ya mfano wa 1853, gobori la Waingereza lenye mifuo ndani ya kasiba, yaani mtutu, na tundu la inchi 0.577, yaani karibu milimita 14.7. Huingizwa baruti na risasi mdomoni, zikashindiliwa kwa mdeki, ile fimbo ndefu, na huwashwa kwa fataki, kikofia kidogo chenye kilipuzi, inayovikwa juu ya kifa, chuchu ya chuma iliyo nyuma ya kasiba. Zilitengenezwa kwa wingi mno, nyingine katika kiwanda cha serikali pale Enfield, nyingine na mafundi wa Birmingham na London. Bamba la mtambo lenye taji, neno TOWER na mwaka kama 1861 au 1862 mara nyingi ni kazi ya mafundi wa Birmingham, na bunduki za namna hiyo ziliuzwa kwa pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ukiijua Enfield, Springfield ya Marekani ya 1861 haitakupa shida, maana ndani zinafanana sana.

Kiswahili kilizifahamu bunduki hizi zikiwa bado mpya. Tuna bunduki ya mrao iliyowashwa kwa utambi, ya gumegume iliyowashwa kwa jiwe, na ya fataki. Tuna kasiba, kifa, mdeki. Lakini vipande vya ndani ya mtambo havikupata majina yaliyoenea, kwa hiyo nitayaweka yangu na kuyashika mpaka mwisho.

Bamba ni kile chuma kipana kinachobeba kila kitu. Nyundo ndiyo inayoonekana nje, ile inayopiga fataki. Kitovu ni kipande cha duara upande wa ndani, kilichounganishwa na nyundo kwa mhimili wenye ncha ya mraba. Kimekatwa mapengo mawili. Ulimi ni kile kipande kinachoingia kwenye mapengo hayo na kuizuia nyundo; mkia wake umekunjwa kwenda ndani ya mti ili kifyatulio kiusukume. Daraja ni kipande kinachopita juu ya kitovu na ulimi na kuvishika visiyumbe. Springi kubwa, yenye umbo la V, ndiyo nguvu ya mtambo. Mkono wake mrefu umenasa kiungo kidogo kinachoning'inia kwenye kitovu. Springi ndogo kazi yake ni kuusukuma ulimi uingie kwenye pengo.

Ukiipandisha nyundo polepole unasikia mlio mara mbili. Wa kwanza ni ulimi kuingia kwenye pengo la nusu, ambalo ni lenye kina na limekatwa kwa namna ya mdomo ili ulimi usiweze kuchomoka hata kifyatulio kikivutwa. Wa pili ni pengo kamili, ambalo ni la kina kifupi, na hapo ndipo bunduki huwa tayari kulia. Karibu kila hitilafu ya hatari katika bunduki hii inahusu mapengo haya mawili na ncha ya ulimi.

Kabla ya yote: je, ina baruti ndani?

Gobori haliwezi kukunjwa ukaona ndani. Baruti nyeusi iliyokaa kavu zaidi ya miaka mia moja bado huwaka, na bunduki nyingi zilitundikwa ukutani zikiwa zimeshindiliwa. Usiguse skrubu hata moja kabla ya kupima.

Elekeza mdomo wa kasiba mahali salama, usisimame mbele yake. Ingiza mdeki taratibu mpaka ukome. Weka alama kwa penseli pale mdeki unapotokea mdomoni. Uchomoe, uulaze kwa nje sambamba na kasiba, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ya pili inapaswa kufika karibu kabisa na usawa wa kifa. Ikipungua kwa vidole viwili, vitatu au zaidi, kuna kitu mle ndani. Yawezekana ni kiota cha mdudu tu, lakini ichukulie kuwa ni risasi na baruti. Usitoboe kwa drili, usipashe moto, usipige fataki ujaribu. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni.

Na kuhusu leseni: Uingereza na Marekani zinaipa bunduki ya kale nafasi yake katika sheria (Marekani mpaka ni silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla), lakini Tanzania gobori ni silaha kama silaha nyingine chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya nayo ina sheria yake ya silaha. Kuimiliki bila kibali, au kutengeneza za watu bila leseni ya kazi hiyo, ni kosa. Kama umerithi ya babu na haina karatasi, anzia polisi, usianzie kwenye benchi.

Vifaa

Bisibisi mbili au tatu zilizonolewa zilingane na ufa wa skrubu zako. Hili si dogo. Skrubu za karne ya 19 zina ufa mwembamba, na bisibisi ya dukani yenye ncha iliyochongoka kama kabari itapanda juu na kung'oa kingo. Chukua bisibisi ya bei rahisi, ikate ncha kwa jiwe mpaka iingie hadi chini ya ufa na kuujaza upana wote. Nakumbuka bamba moja zuri sana lenye mikwaruzo mitatu mirefu, na yote mitatu ilitokana na bisibisi iliyoteleza.

Cha pili ni kibano cha springi, jiliwa dogo la mkononi lililotengenezwa kwa kazi hii. Koleo haliwezi kuchukua nafasi yake; hung'ata springi mahali pamoja, na alama ya meno ndiyo mwanzo wa ufa. Ongeza panchi ya shaba, kinyundo cha mbao, brashi ya nyuzi za shaba, mafuta ya taa, stilwaya laini kabisa, mafuta mepesi ya mashine, nta ya nyuki, na miwani ya kazi. Springi kubwa ikichomoka huruka kwa nguvu ileile iliyokusudiwa kupasua fataki, kwa hiyo miwani vaa.

Kata pia kipande cha boksi, uchore mtambo juu yake, na kila skrubu utakayotoa uichomeke mahali pake kwenye mchoro. Zinafanana kwa macho, lakini zilitiwa hesi moja moja na kila moja ina tundu lake.

Kuutoa mtambo kwenye mti

Pandisha nyundo mpaka nusu, ili iachane na kifa. Upande wa pili wa bunduki utaona skrubu ndefu mbili zinazopita kwenye mti mpaka kwenye bamba. Zilegeze kwa mizunguko michache tu, usizitoe. Kisha gonga vichwa vyake kwa kinyundo cha mbao, huku na huku, taratibu. Bamba litajisukuma lenyewe kutoka kwenye mti, sawasawa pande zote. Ukilichokonoa kwa bisibisi pembeni utaumega mti ukingoni, na huo ni mti wa mwalnati wa miaka zaidi ya 150 usioweza kurudishwa.

Ukishautoa, usiache nyundo idondoke kwa nguvu. Mtambo ukiwa kwenye bunduki, nyundo husimamishwa na kifa. Ukiwa mkononi, hakuna cha kuisimamisha ila kitovu kugonga chuma kingine cha ndani, na huko ndiko daraja hupasukia. Ishike kwa kidole gumba, ishushe pole.

Sasa fanya jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: jaribu mtambo ukiwa mkononi kabla ya kuufungua. Pandisha nusu, pandisha kamili, sukuma nyundo mbele kwa kidole gumba bila kugusa ulimi. Kama unashika vizuri mkononi lakini ukiwa kwenye bunduki ulikuwa hauishiki, ugonjwa hauko kwenye mtambo hata kidogo. Uko kwenye mti au kwenye kifyatulio.

Nililijua hili kwa gharama. Bunduki ya kwanza niliyoishughulikia nyundo yake ilianguka kivivu, fataki haipasuki. Nikaamua springi imechoka, nikatafuta nyingine kwa miezi, nikaifunga, na nyundo ikaanguka kivivu vilevile. Mkono wa springi ulikuwa unasugua mti. Unyevu ulikuwa umeuvimbisha kwa unene wa karatasi, basi.

Namna ya kulipata hilo: paka masizi ya mshumaa kwenye mikono ya springi, kwenye kitovu na kwenye mkia wa ulimi. Rudisha mtambo kwenye mti, pandisha na ushushe nyundo kwa mkono mara chache, utoe tena. Penye doa jeusi ndani ya mti ndipo panaposugua. Kwangua hapo tu, kwa kisu chenye makali, unga kwa unga, kisha rudia masizi. Kama mkia wa ulimi unakandamizwa na kifyatulio hata kisipovutwa, utaona masizi yamefutika chini ya mkia. Mara nyingi skrubu za nje zimevutwa sana mpaka mtambo umezama ndani kuliko ulivyokusudiwa. Legeza nusu mzunguko, jaribu tena. Nimeona "mitambo mibovu" ikipona kwa nusu mzunguko huo.

Kuufungua

Mpangilio huu ni ule uliofundishwa askari wa wakati huo, na sijapata bora kuliko huo.

Anza na springi kubwa. Pandisha nyundo kamili, vika kibano juu ya mikono yote miwili ya springi, kaza mpaka kishike tu. Kisha shika nyundo, bonyeza mkia wa ulimi, ishushe polepole. Springi sasa imebaki imebanwa na haina kazi. Inachomoka kwenye kiungo na kwenye tundu lake la bamba. Iweke kando ikiwa ndani ya kibano. Usiilegeze bila sababu, na usiikaze zaidi ya ilivyokazwa na mtambo wenyewe.

Ya pili ni springi ndogo. Legeza skrubu yake lakini usiitoe yote. Gonga kiwiko cha springi kwa ncha ya bisibisi mpaka kijino chake kitoke kwenye ufa wa bamba, ndipo umalize skrubu. Ukitoa skrubu kwanza, kijino hubaki kimekwama na mtu hulazimisha, na springi ndogo hukatika kwa kulazimishwa.

Tatu, skrubu ya ulimi na ulimi wenyewe. Nne, skrubu ya daraja na daraja. Tano, skrubu ya nje inayoshika nyundo. Sita, kitovu: ingiza panchi ya shaba kwenye tundu la skrubu uliyoitoa sasa hivi, gonga taratibu, na kitovu kitatoka upande wa ndani huku nyundo ikiachia nje. Usiing'oe nyundo kwa kuipinda. Ule mraba ukilegea, nyundo itayumba daima.

Skrubu iliyoshika kutu: tone la mafuta ya kupenya, siku moja au mbili, kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Mwendo ule mdogo wa kukaza huvunja kutu.

Kusafisha

Loweka vipande kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi sugua kwa brashi ya shaba. Mabaki ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na mafuta ya taa hayayatoi vizuri. Hayo yanataka maji ya moto na sabuni, kisha kukausha haraka karibu na jiko, kisha mafuta mepesi papo hapo. Kutu iliyokwaruza sugua kwa stilwaya yenye mafuta.

Wengine hutumia umeme na magadi kuondoa kutu. Kwa bamba sawa. Kwa springi hapana, kwa sababu njia hiyo huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu cha springi na kukifanya kivunjike bila onyo.

Upande wa nje wa bamba usiung'arishe. Ile rangi ya kahawia na yale maandishi yaliyofifia ndiyo ushahidi wa bunduki ilikotoka, na ndiyo thamani yake. Ondoa kutu nyekundu inayokula, acha iliyotulia, paka nta. Ndani ya bamba tafuta mihuri midogo na herufi za mafundi, zipige picha.

Kutazama

Chukua lenzi na taa kali. Ncha ya ulimi inapaswa kuwa na ukingo ulionyooka, bila kumegeka. Pengo la nusu liwe na mdomo wake mzima. Pengo kamili liwe na uso tambarare, unaong'aa kwa mstari mmoja mwembamba pale ulimi unapokaa. Mng'aro wa upande mmoja tu unaonyesha kwamba ulimi unakaa mshazari; mara nyingi tundu la skrubu yake limepanuka, au daraja halijakazwa.

Springi itazame kwenye kona ya V. Mstari mweusi mwembamba hapo ni ufa, na haikarabatiki. Kuichomelea ni kupoteza muda. Tafuta nyingine. Parker-Hale wa Birmingham walitengeneza nakala za Enfield katika karne ya 20, na vipuri vya Enfield bado vinapatikana Uingereza na Marekani, ingawa mtambo wa zamani ulilinganishwa kwa mkono na kipuri chochote kitahitaji kurekebishwa.

Ukiamua kujitengenezea springi ndogo, tumia chuma chenye kaboni nyingi, sugua mikwaruzo yote kwa urefu kabla ya moto (mkwaruzo wa kukingama ni ufa wa kesho), pasha mpaka kiwe chekundu kinachong'aa, zima kwenye mafuta. Hapo kitakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Kilegeze kwa kukipasha tena taratibu mpaka rangi ya uso ipite manjano, kahawia, zambarau, na kufika buluu, karibu nyuzi 300 za selsiasi. Acha kipoe chenyewe. Kwa springi kubwa nashauri ununue.

Mapengo na ulimi

Hapa ndipo tupa inaweza kukuponza. Kitovu na ulimi wa Enfield vilikazwa uso tu: ngozi ngumu nyembamba juu ya chuma laini. Ukikwangua zaidi ya ngozi hiyo, pengo litaonekana safi na kali leo, na litaliwa baada ya kupandishwa mara chache. Nyundo itateleza wakati ambao hukutarajia.

Kwa hiyo ukarabati wa kwanza ni wa jiwe, si tupa. Jiwe gumu laini la kunolea, lenye kona kali, tone la mafuta. Ubane ulimi kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya shaba, ukingo wake ukiwa usawa na shaba ili ikuongoze. Sugua mara mbili tatu, tazama. Unafuata pembe iliyopo, hubuni mpya. Lengo ni kuondoa kingo zilizomegeka tu. Usijaribu kufanya kifyatulio kiwe chepesi. Bunduki ya jeshi ilikusudiwa iwe nzito kuvutwa, na pengo kamili lililofupishwa halishiki nyundo bunduki ikigongwa kitako.

Ncha ya ulimi ikiwa imeliwa sana, badilisha ulimi, usikikate kitovu. Ulimi ni rahisi kupatikana na rahisi kulinganisha. Pengo la nusu likiwa limemegeka mdomo, kitovu hicho hakifai tena kwa bunduki itakayopigwa. Kinaweza kurudi kwenye bunduki ya ukutani, na uandike hivyo kwenye kadi uiweke pamoja nayo.

Kipande kipya cha chuma laini lazima kikazwe uso baada ya kulinganishwa: kifungiwe ndani ya kisanduku cha chuma pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, mfuniko uzibwe kwa udongo, kikae kwenye moto mwekundu kwa saa moja au zaidi, kisha kimwagwe moja kwa moja majini. Jaribu kwa kona ya tupa mpya mahali pasipoonekana. Ikiteleza bila kung'ata, kimekaza.

Kurudisha

Kinyume cha kufungua: kitovu na nyundo, daraja, ulimi, springi ndogo, springi kubwa. Nyundo irudishwe kwenye mraba kwa pembe ileile. Kabla ya kufungua ulipaswa kuwa umepiga picha. Baada ya daraja kukazwa, kitovu kizunguke kwa kidole bila kukwama na bila kucheza. Kikikwama, legeza uone ni skrubu ipi inayobana. Tone moja la mafuta kwenye mhimili, moja kwenye kiungo, moja kwenye ncha ya ulimi, na ufute yanayozidi, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mti huulainisha taratibu.

Kwenye mti, ingiza bamba nyundo ikiwa nusu, libonyeze kwa mkono mpaka likae, ndipo skrubu ndefu zikazwe mpaka zishike, basi.

Kisha majaribio, bila baruti wala fataki, kifa kikiwa kimefunikwa kwa kipande cha ngozi nene. Nyundo nusu: vuta kifyatulio kwa nguvu zaidi ya kawaida. Isitoke. Nyundo kamili: sukuma kwa kidole gumba, kisha gonga kitako sakafuni juu ya zulia mara kadhaa, mdomo wa kasiba ukiwa mbali nawe. Isitoke. Fyatua juu ya ngozi na utazame alama: mdomo wa nyundo uwe umekaa katikati ya kifa. Rudia mara 20, ukisikiliza. Kwa mtambo mzima, mlio wa pili ni mkavu na mfupi, haukokoti. Ukikokota, fungua tena utazame ncha ya ulimi.

Unapoiweka, ishushe nyundo juu ya ileile ngozi ili springi ipumzike.